Mafua ya kobe mchanga chini ya kiyoyozi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Maskati

Nje ni nyuzi 38 kivulini, ndani kuna kobe anayeumwa kwa sababu ya baridi. Katika nyumba za Maskati, Dubai au Doha hili si jambo geni. Kiyoyozi kinafanya kazi usiku kucha, hewa baridi inashuka na kutuama juu ya marumaru, na kobe ndiye anayelala huko chini. Kisa hiki tumekijenga kutokana na mambo yanayojirudia kwa kobe wa majumbani, hakimlengi mtu wala nyumba fulani. Viwango vya joto, hesabu za dawa na mwenendo wa ugonjwa ndivyo vilivyo katika tiba ya kobe.

Mgonjwa ni sulkata, kwa jina la kitaalamu Centrochelys sulcata, kobe wa ukanda wa Sahel kuanzia Senegal na Mauritania hadi Sudan na Ethiopia. Akikomaa huweza kupita kilo 40. Huyu alikuwa na miezi kama 10, gamba lenye urefu wa sentimita 8.5 na uzito wa gramu 142. Alinunuliwa sokoni miezi mitano nyuma. Miezi miwili kabla ya kuugua aliletewa mwenzake, kobe wa Kigiriki, Testudo graeca, na wote wawili wakawekwa katika beseni moja la plastiki la kufulia, sebuleni, sakafuni, mkabala na kiyoyozi. Chakula kilikuwa letusi, tango na nyanya. Taa ya kuota joto ilikuwa moja, ikiwashwa saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni. Muuzaji alikuwa amemwambia mwenye kobe: "Mnyunyizie maji kila siku, mama, mtoto wa sulkata anataka unyevu." Naye akanyunyiza, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Muuzaji hakusema uongo. Watoto wa sulkata porini hushinda mashimoni, ambako hewa ni ya uvuguvugu na ina unyevunyevu, na wanaokuzwa mahali pakavu sana gamba lao huota vilima. Alichokiacha ni nusu ya pili ya ushauri: unyevu huendana na joto. Kobe mchanga huvumilia unyevu wenye joto, tena humfaa. Ukavu wenye joto huuvumilia kwa muda, ingawa humkausha maji mwilini. Unyevu wenye baridi ndio unaomuua.

Malalamiko yaliyoletwa kliniki: siku sita hajala vizuri, analala mchana, na "anatoa povu puani".

Dakika kumi za kutazama

Alifika ndani ya kisanduku cha viatu, na jambo la kwanza lilikuwa kutomshika. Kobe akishikwa huvuta kichwa ndani, nafasi iliyomo ndani ya gamba hupungua, na hewa ya mapafuni husukumwa nje kwa sauti ya "fsss". Asiyezoea hudhani ni kifua, kumbe ni hewa tu inayotafuta njia. Aliwekwa mezani juu ya taulo, chumba kikiwa na nyuzi 28, akaachwa.

Baada ya dakika chache akatoa kichwa. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba nusu. Kwenye tundu la kulia la pua palikuwa na kiputo kinachovimba na kunywea kila anapopumua. Mdomo ulikuwa umefungwa, na hilo liliandikwa kwanza kwenye faili, kwa kuwa kobe anayepumua kwa mdomo wazi yuko katika daraja jingine kabisa la ugonjwa. Kila pumzi ya tatu au ya nne aliinua kichwa kidogo, na miguu ya mbele ikaingia na kutoka kuliko kawaida.

Halafu mikono. Juu ya magamba ya miguu ya mbele, upande wa ndani, palikuwa na utando mkavu unaong'aa kama njia aliyopita konokono. Kobe hujifuta pua kwa mkono. Kamasi likikauka pale hubaki siku kadhaa, hata kama pua yenyewe imekauka kwa muda. Mwenye kobe akisema kamasi limeanza jana, itazame mikono kabla hujamwamini. Utando huu ulikuwa mnene, na ngozi ya ukingo wa tundu la pua ilikuwa imeanza kulika, ikapoteza rangi yake. Hiyo ni kazi ya wiki, haiwi kazi ya siku sita.

Si kila unyevu puani ni ugonjwa. Kobe aliyetoka kunywa maji, au aliyekula tango, anaweza kutoa viputo viwili vitatu vya maji safi na vikaisha ndani ya dakika chache. Kobe aliyechimba kwenye vumbi hupiga chafya. Kinachotofautisha ni kurudia na hali ya kamasi lenyewe: likija kila siku, likiwa upande mmoja kwa siku nyingi, likiwa zito au jeupe, au likiambatana na macho kuvimba na kutokula, hapo si maji ya kunywa tena. Kamasi la tundu moja tu kwa muda mrefu linataka pua ichunguzwe, maana kipande cha nyasi kavu kilichopenya humo hufanya hivyo hivyo.

Sauti nayo ilisikilizwa. Gamba likiwekwa karibu na sikio, kulikuwa na mlio mdogo wa "tik" mwishoni mwa kila pumzi, ule wa ute unaofunguka na kufunga.

Kwa nini huchelewa kuonyesha

Mwenye kobe aliuliza swali la haki: kama ni la wiki kadhaa, mbona sikuona? Jibu liko kwenye mwili wa kobe mwenyewe. Kobe hana kiwambo, ile misuli inayotenganisha kifua na tumbo. Mapafu yake yako juu, yamejibana chini ya gamba la mgongo, na hupumua kwa kusukuma na kuvuta viungo vya ndani kwa misuli ya miguu na ya tumbo. Kwa hiyo hawezi kukohoa ipasavyo. Ute ukiingia pafuni hutuama, kwa sababu mlango wa kutokea uko juu na mzigo uko chini.

Tena usaha wa kobe si majimaji kama wa mbuzi au wa binadamu. Chembe zake nyeupe za damu hazina vimeng'enya vya kuuyeyusha, hivyo unakuwa mgumu, mithili ya jibini. Dawa ya kuufikia ndani humo ina kazi kubwa. Na juu ya yote, kobe anaweza kuishi na oksijeni kidogo kwa muda ambao paka au mbwa angekuwa ameshakufa. Kwa sababu hizi zote ishara kubwa huja mwisho. Kobe akianza kupanua mdomo kwa kila pumzi na kunyoosha shingo juu, au ndani ya mdomo pakiwa pa kijivu, au akiguswa mguu asiuvute, hiyo ni safari ya kliniki siku ile ile, hata ikiwa usiku. Kamasi jembamba kwa kobe anayekula na kutembea linaweza kungoja siku moja au mbili huku joto likirekebishwa. Halingoji wiki mbili.

Kilichopimwa

Mdomo ulifunguliwa kwa kipande chembamba cha plastiki. Ulimi na kaakaa vilikuwa vya waridi hafifu, bila utando wa manjano. Utando huo ungeelekeza mawazo kwa virusi vya hepesi vya kobe, na swali hilo lilikuwa na uzito kwa sababu ya yule mwenzake wa Kigiriki: aina hiyo inaweza kubeba virusi hivyo bila kuumwa sana, ikamwambukiza jirani wa aina nyingine akafa. Kwenye shina la ulimi, pale lilipo tundu la njia ya hewa, palikuwa na uzi wa ute.

Eksirei ilipigwa mara tatu. Hapa kliniki nyingi zisizozoea kobe hukosea: humlaza na kumpiga kutoka juu tu. Picha hiyo haitoshi kwa mapafu, kwa kuwa gamba na viungo vya tumbo vinayafunika. Inayosema kweli ni ile ambayo mwale unapita mlalo, kobe akiwa amesimama juu ya kijisanduku, mara moja kutoka mbele kwenda nyuma na mara moja kutoka ubavuni. Ukitazama kutoka mbele, pafu la kushoto na la kulia yanakaa sambamba na unaweza kuyalinganisha. Kwa mgonjwa huyu pafu la kulia lilikuwa na ukungu sehemu ya chini. Yaani mafua yalikuwa yameshashuka, ikawa nimonia ya upande mmoja, bado ya wastani.

Daktari alipendekeza pua isafishwe kwa maji ya chumvi na yale maji yapelekwe maabara kwa kipimo cha PCR, kile kinachotafuta chembe za urithi za kimelea, cha mikoplazma (aina ya bakteria) na cha hepesi. Mwenye kobe akaomba hilo lisubiri kwa sababu ya gharama. Ombi la kawaida. Lilikuja kudai malipo yake baadaye.

Beseni saa kumi alfajiri

Kabla ya dawa, mwenye kobe alipewa kazi moja: apime joto la beseni, si la chumba, kwa saa 24, kwa kipimajoto chenye waya ambacho kichwa chake kinachomekwa kwenye udongo pale kobe anapolala. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 23. Mchana chini ya taa kipimo kilisoma 34, na upande wa pili 25. Jioni taa ilipozimwa kikaanza kushuka. Saa kumi alfajiri udongo ulisoma nyuzi 19.

Kwamba udongo ulikuwa baridi kuliko kiyoyozi kilivyopangwa si kosa la kipimo. Kiyoyozi hupima hewa kule juu ukutani kilipo. Hewa baridi huzama, kwa hiyo sakafuni ni nyuzi mbili au tatu chini ya hapo. Tena udongo umeloweshwa jioni na upepo mkavu wa kiyoyozi unapita juu yake, maji yanakauka, na yanapokauka yanachukua joto. Ndivyo mtungi unavyopoza maji. Kobe wa gramu 142 alikuwa akilala kwenye mtungi kila usiku. Kinga ya kobe hufanya kazi kwa joto analolipata kutoka nje, na kwa nyuzi 19 ni kama imezimwa.

Kwa maoni yetu kipimo hiki ndicho kilichookoa zaidi kuliko sindano yoyote. Kobe anayedungwa dawa kisha anarudishwa kwenye beseni la nyuzi 19 hatibiki, kwa sababu hata dawa yenyewe husambaa na kutoka mwilini kulingana na joto la mwili.

Marekebisho yalifanywa siku hiyo hiyo. Beseni likatupwa, likaletwa sanduku la sentimita 120 kwa 60 lililofunikwa sehemu kubwa ya juu kwa akriliki ili joto na unyevu visitoroke. Likapandishwa mezani, kimo cha sentimita 70 kutoka sakafuni, mbali na mkondo wa kiyoyozi, juu ya kipande cha thamokoli, ile foamu nyeupe ya kufungashia vyombo. Ndani ikafungwa balbu ya kauri ya wati 100, ile inayotoa joto bila mwanga, ikiunganishwa na kidhibiti joto ambacho kichwa chake kinakaa kimo cha gamba la kobe. Kidhibiti kikawekwa 30 usiku na mchana. Kwa kobe mzima wa afya usiku ungeshuka kidogo, ila mgonjwa haruhusiwi kushuka. Chini ya taa ya kuota ikabaki 35 hadi 37, na pembe ya mbali 28, kwa sababu kobe lazima awe na pa kukimbilia. Joto likipita 40 na akakosa kivuli anakufa kwa saa chache. Godoro la joto la kuweka chini ya sanduku halikutumika: kobe hahisi vizuri joto linalotoka chini, huungua gamba la tumbo akiwa amelala tu.

Unyunyizaji ukakoma. Badala yake udongo wa makumbi ya nazi uliwekwa kina cha sentimita 6, maji yakamwagwa kwenye pembe yashuke chini, na tabaka la juu likaachwa kavu. Kwa kifuniko kile unyevu wa hewa ulibaki kati ya asilimia 70 na 80 bila kobe kulowana hata kidogo. Bomba la UVB, taa inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua, likafungwa ndani, saa 12 kwa siku. Dirishani hapatoshi, kioo huzuia miale ile, na kumweka kobe ndani ya tangi la kioo juani ni kumpika.

Sindano ya mililita ambazo hazipimiki

Daktari alianza na antibiotiki ya seftazidimu, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, sindano moja kila baada ya saa 72, jumla sindano saba, kwenye misuli ya mguu wa mbele. Miguu ya nyuma huepukwa kwa desturi kwa kuwa damu yake inaweza kupitia figo kabla ya kuzunguka mwilini.

Hesabu yake inafaa kuonwa, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini dawa ya kobe mchanga haikisiwi nyumbani. Gramu 142 ni kilo 0.142. Mara 20 ni miligramu 2.84. Chupa ya gramu 1 ikichanganywa iwe mililita 10, kila mililita ina miligramu 100, na dozi inakuwa mililita 0.028. Hakuna bomba la sindano la mililita moja linalopima hivyo kwa uhakika. Tone moja linalobaki kwenye shingo ya sindano linaweza kuongeza dozi maradufu. Kwa hiyo sehemu moja ya dawa ilichanganywa na sehemu nne za maji ya chumvi ya sindano, ikawa miligramu 20 kwa mililita, na dozi ikawa mililita 0.14. Hiyo inapimika. Sasa mfikirie mtu anayekata robo ya kidonge cha amoksilini cha mtu mzima na kukisaga ndani ya tango.

Kuna dawa moja ambayo haifai kutajwa kwa kobe hata kwa mzaha: ivamektini. Mtu ana mbuzi, ana chupa ya dawa ya minyoo, anaona kobe kadhoofu, anamdunga. Kobe hupooza na kufa. Mafuta ya kuchua yenye mentholi kupakwa puani, au kumfukiza kwa mvuke wa maji yanayochemka, nayo ni kuunguza utando wa pua ambao tayari umeumia.

Mvuke unaofaa ni ule wa mashine ya pumu, maji ya chumvi ya asilimia 0.9, dakika 15 mara mbili kwa siku, kobe akiwa ndani ya boksi dogo la plastiki lenye matundu, kwenye chumba chenye joto. Unalainisha ute, hauponyi. Kliniki ikamwongezea maji ya mililita 2.5 chini ya ngozi kwa siku tatu za mwanzo, kwani macho yalikuwa yamezama na mkojo mweupe ulitoka kama chokaa yenye chengachenga badala ya uji laini.

Kumwogesha: maji ya nyuzi 30 hadi 32, dakika 15 hadi 20, kila siku asubuhi. Kina kisifike mdomoni. Kwa sulkata wa sentimita 8.5 ni kama sentimita 2, pale gamba la juu linapokutana na la tumbo. Beseni la kuogea liwekwe ndani ya lile sanduku au karibu na joto, la sivyo maji yanapoa kabla ya dakika kumi na unarudi ulikotoka. Akitoka akaushwe. Kobe aliyelegea kiasi cha kulaza kichwa haogeshwi bila mtu kusimama hapo, anazama kwenye maji ya kikombe.

Chakula nacho kilibadilika. Letusi na nyanya ni maji matupu kwa mla nyasi. Oman ina bahati, nyasi za Rhodes zinauzwa kwenye masoko ya mifugo. Za kijani zikikatwa vipande vya nusu sentimita, mtoto wa sulkata anazimudu, tofauti na zilizokauka ambazo hana nguvu ya kuzitafuna. Siku za kwanza hakugusa. Siku ya nne akala ua la haibiskasi, siku ya sita nyama ya mpungate. Hakulishwa kwa nguvu. Kobe mwenye ute kwenye njia ya hewa akisukumiwa uji mdomoni, unaweza kuingia pasipo pake, na tundu la njia ya hewa lipo pale pale shina la ulimi.

Alipimwa kila siku kwa mizani ya jikoni, baada ya kuoga na kukaushwa. Muda uwe ule ule, kwani kobe akikojoa hupungua gramu kadhaa papo hapo na mtu anaogopa bure. Siku ya tatu alikuwa 139, siku ya saba 146. Kupanda huko ni maji yaliyorudi mwilini, si nyama, na mwenye kobe aliambiwa asishangilie bado.

Wiki ya nne kamasi likarudi

Sindano ya saba ilikuwa siku ya 18. Mlio wa "tik" ulikuwa umekwisha, eksirei ilionyesha pafu la kulia limesafika kwa sehemu kubwa, kobe anakula. Siku ya 25 kiputo kikarudi puani.

Hapa wengi huongeza joto, au huomba sindano saba nyingine. Lakini daftari la joto lilikuwa limejazwa kila siku, na usiku mmoja tu kipimo kilishuka hadi 29. Baridi haikuwa tena mshukiwa. Kilichobaki ni dawa yenyewe, na kiini cha maradhi. Seftazidimu huua bakteria kwa kuharibu ukuta unaowazunguka. Mikoplazma hana ukuta. Kwa hiyo dawa ilikuwa imewaondoa bakteria waliovamia pafu, ikamwacha aliyefungua mlango.

Safari hii pua ilisafishwa. Nusu mililita ya maji ya chumvi kupitia mrija laini usio na sindano, ikakusanywa upande wa pili na kutumwa maabara ya nje ya nchi. Hepesi: hasi. Mikoplazma: chanya, Mycoplasma agassizii, kiini kile kile kilichosababisha msukosuko kwa kobe wa jangwa la Mojave huko Marekani, ambao waliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1990.

Dawa ikawa klarithromaisini ya maji kwa mdomo, miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya siku tatu, kwa wiki nane. Kobe sasa alikuwa na gramu 151, hivyo miligramu 2.3, na kwa dawa ya watoto yenye miligramu 125 kwa mililita 5 ni mililita 0.09. Alikuwa anakula, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kumtoa kichwa: dawa ilidondoshwa juu ya kipande cha mpungate kisichozidi ukucha, akapewa kabla ya chakula kingine, na mtu akasimama kuona kimeisha. Kikibaki nusu, dozi haikuingia, na inaandikwa hivyo.

Wiki ya tisa tangu aanze kutibiwa alikuwa na gramu 163. Pua kavu. Ukingo wa tundu la kulia umebaki mweupe na pengine utabaki hivyo.

Mwenzake

Kuna jambo ambalo mwenye kobe hakulipenda, na ni haki yake. Mikoplazma hudhibitiwa, mara nyingi haiondoki. Sulkata huyu anaweza kuonekana mzima miaka mingi na bado akawa mbebaji, na dalili zikarudi akipoa, akikosa maji au akihamishwa. Hapaswi kuwekwa na kobe mwingine tena, wala kuuzwa au kupewa mtu bila kuambiwa hili. Kumwachia bustanini au wadini, yaani kwenye bonde la mto mkavu, ni kosa jingine, na kwa Mswahili anayefikiria kumpeleka nyumbani Afrika Mashariki, mbali na vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ni kupeleka maradhi yasiyojulikana walipo kobe wetu wa porini.

Nani alimwambukiza nani? Kobe wa Kigiriki alikuja akiwa mzima, hakuwahi kutoa kamasi, na kipimo chake cha PCR kilirudi hasi. Hasi ya mara moja haimtakasi, kwani mbebaji hatoi vimelea kila siku. Inawezekana sulkata aliletwa nao kutoka sokoni na baridi ikawaamsha tu. Mikoplazma huenezwa zaidi pua kwa pua na haidumu ikikauka, kwa hiyo vyombo vya zamani vilioshwa kwa sabuni, vikalowekwa dakika 15 katika sehemu moja ya dawa ya klorini kwa sehemu 30 za maji, vikasuuzwa na kuanikwa juani. Beseni lenye mikwaruzo halikustahili taabu hiyo. Kama kobe wa pili angewekwa chumba chake tangu siku ya kwanza, miezi mitatu hadi sita bila kugusana wala kuchangia sahani, leo kungekuwa na mgonjwa mmoja wa kufikiria.

Watoto wa nyumba hiyo waliruhusiwa kuendelea kuwalisha, kwa sharti la kunawa kwa sabuni kila baada ya kuwagusa. Kobe wa pua safi naye hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Kipimo cha pili cha kobe wa Kigiriki ni baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo yuko chumba kingine na sahani zake, analishwa wa kwanza, sulkata wa mwisho.